Sura ya Nne: Mchezo Uliofukuzwa Dukani

Kila mazungumzo yanapofika kwenye madini, watu wa komine ya Ibanda, na wa Bukavu nzima huku Kivu Kusini, hurudi kwenye swali moja: wale wanaoshika simu huko mbali, wanajua zimetoka wapi? Swali hili huulizwa kwa hasira, huulizwa kwa kuchoka, na mara nyingi anayeliuliza naye ameshika simu mkononi. Sura hii inalijibu kwa kupitia mchezo mdogo wa simu uliotoka Septemba 2011, ukaondolewa katika duka la Apple ndani ya siku chache, ukaandikwa magazetini kwa muda mfupi, kisha ukasahaulika. Unaitwa Phone Story, na hatua yake ya kwanza inachezwa Kongo, ndani ya mgodi wa koltani.

Walioandika habari zake wakati ule waliuona kama kisa cha kampuni kubwa iliyomziba mdomo msanii. Kisa hicho kina maana yake, lakini kiliufunika mchezo wenyewe, na wachache sana waliuliza kama unasema kweli kuhusu sisi. Jibu langu lina pande mbili, nazo haziachani. Picha ya Kongo iliyomo ndani ya mchezo huo ina makosa makubwa. Kanuni yake, yaani lile linalomlazimisha mchezaji kutenda, ni ya kweli kuliko ripoti nyingi nene zilizoandikwa kuhusu Kivu. Kutenganisha picha na kanuni kuna uzito kwetu, kwa sababu picha ya aina hiyohiyo imewahi kutuletea dawa iliyowaumiza waliotakiwa kutibiwa.

Mchezo wenyewe

Phone Story ulitengenezwa na Paolo Pedercini, Mwitaliano anayeishi Marekani na kutoa michezo yake kwa jina la Molleindustria. Kabla ya huo alikuwa ametoa mchezo wa mwaka 2006 kuhusu McDonald's, ambamo mchezaji anaendesha biashara nzima ya nyama kuanzia malishoni hadi kaunta, na Oiligarchy wa mwaka 2008, ambamo mchezaji ni bosi wa kampuni ya mafuta na Nigeria ni mojawapo ya mahali anapochimba visima. Desturi yake ni ileile: humkalisha mchezaji kwenye kiti cha anayefaidika, kisha humwachia afanye kazi ya kiti hicho. Katika Phone Story msimulizi ni simu yenyewe. Kwa sauti changamfu ya kimashine inamweleza mwenye simu jinsi ilivyozaliwa, huku yeye akipitia hatua nne:

1. Kongo: watoto wanachimba koltani, na walinzi wenye bunduki wamesimama. Mtoto akichoka na kuacha kuchimba, mchezaji humpeleka mlinzi amfokee. Kiasi kilichopangwa kipatikane kabla muda haujaisha.
2. China: wafanyakazi wanajirusha kutoka juu ya kiwanda, na mchezaji anawasogeza huku na huku watu walioshika turubai ili wawadake.
3. Dukani: wateja wanalikimbilia duka la simu mpya, na mchezaji anawarushia simu kwa haraka kadiri anavyoweza.
4. Pakistani: simu zilizotupwa zinavunjwavunjwa, na mchezaji anagawa vipande kwa wafanyakazi wanaovichambua katika mazingira ya sumu.

Ukimaliza, mzunguko unaanza upya na hauna mwisho. Ukishindwa, simu haikuonei huruma, inakukumbusha kwamba nawe umo katika safari hiyo.

Hatua ya pili ilitoka kwenye habari za wakati ule. Mwaka 2010 wafanyakazi zaidi ya kumi wa Foxconn, kampuni inayounganisha vifaa vya Apple na vya makampuni mengine, walikufa kwa kujirusha kutoka kwenye majengo yake nchini China, na kampuni ikafunga nyavu kuyazunguka. Mmoja wa walionusurika ni Tian Yu, aliyekuwa na umri wa miaka 17, ambaye alipooza kuanzia kiunoni. Baadaye fedha zilizopatikana kwa kuuza Phone Story zilitumwa kwake. Apple ilipouondoa mchezo ilitaja kanuni zake kuhusu maudhui yanayoonyesha watoto wakinyanyaswa, maudhui ya kuchukiza, na jinsi ya kukusanya michango. Kwa watumiaji wa simu za Android mchezo uliendelea kupatikana.

Kwa nini tuusome kama mchezo wa sarafu

Phone Story uliingia kwenye simu za kisasa, lakini mifupa yake ni ya michezo ya zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, michezo ya video ilichezwa kwenye makabati makubwa yenye kioo, vifungo na tundu la kutumbukizia sarafu. Space Invaders ya kampuni ya Taito ilitoka Japani mwaka 1978, na Pac-Man ya Namco ikafuata mwaka 1980. Mwenye kabati alitaka sarafu moja inunue dakika chache tu, kwa hiyo mchezo ulipaswa kueleweka mara moja, kubana haraka, na kumshinda mchezaji kabla mwenzake aliyesimama nyuma hajakata tamaa akaondoka. Kijana wa Bukavu anaijua mantiki hiyo hata kama hajawahi kuona kabati la namna hiyo. Katika vyumba vya PlayStation vya mitaani hulipa kwa mechi, na aliyefungwa humpisha mwingine. Kutokana na biashara hiyo michezo ya sarafu ilipata tabia tatu zilizobaki nayo hadi leo: lengo moja lisilojadiliwa, saa inayokimbia, na mwisho ambao karibu daima ni kushindwa.

Watu hudhani tabia hizo haziwezi kubeba fikra yoyote. Mfano wa Missile Command, uliotolewa na Atari mwaka 1980 na kubuniwa na Dave Theurer, unaonyesha kinyume. Mchezaji analinda miji sita dhidi ya makombora yanayoshuka kutoka angani, na hakuna ushindi. Akicheza vizuri anaongezewa makombora, mpaka mji wa mwisho unateketea. Ulikuwa wakati ambao Marekani na Umoja wa Kisovieti zilikuwa zimeelekezeana silaha za nyuklia, na mchezo ule haukuhitaji hotuba, kwani mkono wa mchezaji ulijifunza wenyewe kwamba vita ya namna hiyo haina mshindi. Nitaiita hoja ya aina hii hoja ya kanuni, yaani hoja inayojengwa na mambo ambayo mchezaji analazimika kufanya ili asishindwe, hata kama hakuna aliyemwambia lolote.

Pedercini aliijua historia hiyo. Hatua yake ya pili inafanana waziwazi na Fire, mchezo wa mkononi wa Nintendo wa mwaka 1980, ambamo wazima moto wawili wanakimbia na turubai kuwadaka watu wanaoruka kutoka kwenye jengo linaloungua. Katika Fire mchezaji ni mwokozi. Katika Phone Story vidole vinafanya kazi ileile, lakini jengo haliungui, linaendelea kuzalisha simu, na kila aliyedakwa anarudi kazini. Mwendo wa mkono haukubadilika hata kidogo, ila maana yake imegeuka. Anayeutazama mchezo huu kama katuni ya kisiasa tu hulipita jambo hili, nalo ndilo lililofanywa kwa ufundi zaidi ya mengine yote.

*Kwa ufupi: mchezo wa sarafu una lengo lisilojadiliwa, saa inayokimbia na mwisho wa kushindwa. Phone Story unatumia tabia hizo tatu kutoa hoja. Hoja hiyo tuipime kwa yale yaliyotokea Kivu.*

Kanuni: nani aliyewasha saa?

Koltani ni jina la mawe na mchanga mzito mweusi wenye madini mawili, kolumbaiti na tantalaiti. Viwandani hutolewa humo tantali, metali inayostahimili joto kali na isiyoliwa kirahisi na tindikali. Sehemu kubwa ya tantali hutumika kutengenezea kapasita, kijisehemu kinachohifadhi umeme kidogo na kuuachia kwa utulivu pindi chombo kinapouhitaji. Kapasita ya tantali hubeba umeme mwingi kwa umbo dogo, na hiyo ni mojawapo ya sababu zilizowezesha simu kuwa nyembamba. Matumizi mengine yapo, zikiwemo aloi za injini za ndege, lakini vifaa vidogo vya umeme ndivyo vilivyoipeleka koltani kwenye midomo ya watu.

Mwaka 2000 unaeleza mengi. Mwezi Machi Sony iliuza PlayStation 2 kwa mara ya kwanza nchini Japani, Oktoba ikafika Marekani na Novemba ikafika Ulaya. Wakati huohuo simu za mkononi zilikuwa zinaenea kwa kasi isiyowahi kuonekana. Wanunuzi wa tantali waliingiwa na hofu ya kupungukiwa, wakaanza kulimbikiza. Bei ya ratili moja ya madini ya tantali, iliyokuwa kati ya dola 30 na 40 mwanzoni mwa mwaka, ilipita dola 300 kabla mwaka haujakwisha. Bukavu ilikuwa mikononi mwa RCD-Goma, kundi la waasi lililoungwa mkono na Rwanda, tangu Agosti 1998. Wakulima waliacha mashamba na vijana wakaacha shule. Maelfu waliingia kuchimba, wengine hadi ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, ambayo lango lake la Tshivanga liko kama kilomita 30 tu kutoka mjini. Katika miaka hiyo ya vita tembo wa nyanda za juu za hifadhi waliangamizwa, na gorila wengi waliuawa. Novemba 2000 RCD-Goma iliipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya peke yake ya kununua na kusafirisha koltani ya eneo lake, ili ushuru wote upite mlango mmoja. Miezi michache baadaye bei iliporomoka, mpango huo ukafutwa, na aliyekuwa amenunua magunia kwa bei ya Desemba akabaki na mzigo usioweza kulipa deni lake.

Sasa irudie hatua ya kwanza ya Phone Story huku ukiyakumbuka hayo. Juu ya kioo kuna kiasi cha kufikia na muda unaopungua. Mchezo hauelezi ni nani aliyepanga kiasi hicho, wala kwa nini muda ni huo na haukuongezwa. Vipo tu, kama hali ya hewa. Mlinzi hakuvipanga, na mtoto anayefokewa hakuvipanga. Hata mchezaji mwenye simu ya gharama kubwa amevikuta. Hivyo ndivyo mwaka 2000 ulivyofika Kivu Kusini. Mchimbaji wa Numbi, kule Kalehe, au wa Lulingu, kule Shabunda, hakuwa na njia ya kujua kwamba tarehe ya kuuza kifaa cha michezo huko Tokyo ilikuwa sehemu ya saa iliyokuwa ikimkimbiza, na hakuwa na njia ya kujua saa hiyo ingesimama lini. Waliokuwa na bunduki hapa waliifuata bei kama walivyoifuata wasiokuwa nazo. Ripoti nyingi za vita vya Kongo huanza na majina ya makamanda. Mchezo huu unaanza na muda na kiasi, na mimi naona umeanza mahali sahihi.

Kuna pingamizi la haki hapa. Mwaka 2000 mzalishaji mkubwa wa tantali duniani alikuwa Australia, kupitia kampuni ya Sons of Gwalia, na waliopachika vita vyetu jina la kifaa cha Sony walikuza sehemu ya Kongo katika soko la wakati ule. Ni kweli, na anayesema kwamba PlayStation ilisababisha vita anakosea, kwa kuwa vita vilianza kabla yake kwa sababu za kisiasa zinazojulikana. Pingamizi hili halivunji hoja ya kanuni, linaikaza. Migodi ya Australia iliuza kwa mikataba ya muda mrefu iliyopangiwa bei mapema, kwa hiyo haikuweza kuongeza uzalishaji ghafla kila soko lilipopata homa. Aliyeweza kuongeza kesho asubuhi ni mtu mwenye chepeo, asiye na mkataba wala mshahara. Haraka ya soko ilimwangukia yule aliyeweza kuharakishwa.

Picha: walinzi na watoto

Upande wa pili wa jibu ni mgumu zaidi kwa wanaoupenda mchezo huu. Kongo ya Phone Story ina watu wa aina mbili, mtoto anayechimba na mwanamume mwenye bunduki. Kati yao hakuna mtu mwingine, na baada yao hadithi inarukia China. Anayejua machimbo ya Kivu anauona upungufu mara moja. Yuko wapi mwenye shimo, ambaye wachimbaji humwita PDG, anayegharimia magogo ya kuzuia kuta zisianguke na kugawana mavuno na timu yake? Wako wapi wanawake wanaobeba na kuchambua mawe? Yuko wapi négociant, mnunuzi wa kati anayekopesha fedha mapema na kuja kuchukua magunia, na ziko wapi kontwari, nyumba za Bukavu na Goma zinazonunua kutoka kwake na kusafirisha nje? Wachimbaji wengi ni watu wazima waliolinganisha kazi hii na kilimo kisicholipa, wakachagua. Uchaguzi wao ni finyu, lakini ni wao, na mchezo umeufuta wote.

Haitakuwa haki kusema kwamba mtoto na bunduki ni uzushi. Watoto wapo migodini, wanaponda mawe, wanaosha mchanga na kubeba mizigo, na ni jambo la kupigwa vita. Makundi yenye silaha yamewahi kuwachimbisha watu kwa nguvu, mara nyingine kwa jina la salongo, kazi ya lazima ya siku fulani za wiki. Kosa la mchezo ni kulifanya jambo moja la kweli kuwa mfumo mzima. Mwenye bunduki wa Kivu kwa kawaida hana haja ya kusimama juu ya kichwa cha mchimbaji. Anakaa njiani. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walichora ramani ya vizuizi vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini wakapata karibu 800, vya makundi yenye silaha, vya jeshi la taifa na vya watumishi wa Leta, yaani dola, ambavyo hutoza madini, makaa, ndizi, mbao na hata mtu anayepita kwa miguu. Mfano mpya zaidi unaelekea hukohuko. Kundi la waasi la M23 lilipouchukua mji wa machimbo wa Rubaya huko Masisi mwaka 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba lilikuwa likipata angalau dola 800,000 kwa mwezi kutokana na kodi ya koltani. Ni kodi, pamoja na vibali na risiti. Februari 2025 kundi hilohilo liliingia Bukavu.

*Kwa ufupi: katika kanuni, mchezo unaonyesha haraka iliyopangwa mbali na kumwangukia aliye chini. Katika picha, unamwonyesha mtesaji na mtoto peke yao, na kuacha nje ushuru, mikopo na njia za biashara ambako fedha za silaha hupatikana zaidi.*

Dawa iliyotoka kwenye picha

Mtu anaweza kuuliza: makosa ya mchezo wa dakika kumi yamemdhuru nani? Mchezo wenyewe haukumdhuru mtu. Picha iliyomo ndani yake, ambayo haukuibuni bali uliikuta tayari katika kampeni za Ulaya na Marekani, ilikuwa na nguvu za kutunga sheria. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya fedha inayoitwa Dodd-Frank, na kifungu chake cha 1502 kilizitaka kampuni zilizo kwenye masoko yake ya hisa zitangaze kama bidhaa zao zina bati, tantali, tangsteni au dhahabu kutoka Kongo au nchi jirani. Watu wa Kivu waliiita sheria ya Obama. Septemba mwaka huo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, marufuku iliyodumu hadi Machi 2011. Ilipoondolewa tu, kuanzia tarehe 1 Aprili 2011, viwanda vikubwa vya kuyeyusha madini viliacha kupokea mzigo usio na uthibitisho kwamba haukufadhili vita. Katika Kivu Kusini karibu hapakuwa na mgodi wenye uthibitisho huo. Mradi wa kutia lebo magunia ya kasiteriti, yaani mawe ya bati, ulianza katika mgodi wa Kalimbi, Nyabibwe, Oktoba 2012.

Phone Story ulitoka Septemba 2011, katikati ya pengo hilo. Mchezaji aliyekuwa Ulaya au Marekani alikuwa anaambiwa kwamba haraka yake ya kununua ndiyo inayomfokea mtoto, wakati ambapo katika vijiji vya machimbo vya Kalehe na Walungu wanunuzi walikuwa wametoweka, wazazi hawana ada ya shule, na bidhaa za madukani hazifiki kwa sababu ndege na malori yaliyokuja kuchukua madini ndiyo yaliyokuwa yakizileta. Ndani ya mchezo kuna njia moja tu ya kukataa ukatili: uache kugusa walinzi, watoto wapumzike, muda uishe, ushindwe. Nje ya mchezo njia hiyo ilijaribiwa kwa amri ya serikali na kwa uamuzi wa viwanda, na watoto hawakupumzika. Wengine waliingia kwenye dhahabu, ambayo hufichika mfukoni na haihitaji lebo.

Watetezi wa sheria hiyo watasema kwamba baada ya miaka kadhaa askari na waasi walionekana wachache kwenye migodi mingi ya bati na koltani, na kwamba mazungumzo ya kujua asili ya madini yasingeanza bila shinikizo. Hilo lina ukweli na halifai kufichwa. Lakini hata mafanikio hayo yalipatikana pale watu walipoacha kufikiri juu ya mlinzi na mtoto, wakaanza kufikiri juu ya gunia, barabara, mnunuzi na karatasi. Yaani yalipatikana kwa kutoka nje ya picha.

Wanaosema mateso si ya kuchezewa

Pingamizi zito kuliko yote ni la heshima. Je, ni halali kugeuza mateso ya watu wetu kuwa burudani ya vidole? Panzi, hospitali ya Daktari Denis Mukwege ambako maelfu ya wanawake waliojeruhiwa na vita hivi wametibiwa tangu 1999, iko hapahapa katika komine ya Ibanda. Anayeishi karibu na jengo hilo ana haki ya kuukunjia uso mchezo wowote wenye neno Kongo ndani yake.

Nalichukulia pingamizi hilo kwa uzito, na bado naona linaelekezwa mahali pasipo. Michezo inayocheza na mateso yetu bila kutukumbuka ipo mingi, na huuzwa bila mtu kuizuia: ni ile mikubwa ya vita, ambayo mtu huua mamia akiwa amekaa kwenye kochi na mashine inayomwezesha ina tantali ndani yake. Phone Story haumpi mchezaji raha ya ushujaa. Unampa kazi ya msimamizi, unamfanya aione mikono yake ikiifanya, na baada ya dakika kadhaa anatamani kuacha. Filamu ingemwonyesha msimamizi mbaya na kumwacha mtazamaji upande wa wema. Mchezo una uwezo mmoja ambao filamu haina, wa kukufanya uwe umetenda. Uwezo huo ukitumiwa kwa uangalifu unaweza kumheshimu aliyeteseka kuliko picha ya mtoto anayelia kwenye bango la kuombea michango. Kasoro ya heshima katika Phone Story, kwa maoni yangu, iko kwingine: Mkongo hasemi lolote humo. Simu inazungumza, na inazungumza na mnunuzi wake. Mtu wa Kivu ni mandhari ya majuto ya mtu mwingine.

Hatua mbili zinazokosekana

Kasoro hiyo inaweza kurekebishwa kwa namna ileile mchezo ulivyotengenezwa, kwani michezo midogo ya aina hii haihitaji studio kubwa. Ninaona hatua mbili ambazo Phone Story ulipaswa kuwa nazo, na ambazo kijana anayesoma kompyuta Bukavu anaweza kuzitunga vizuri kuliko Pedercini.

Ya kwanza ni ya bariere, kizuizi cha barabarani. Mchezaji awe négociant aliye na magunia kutoka Nyabibwe, kwenye barabara inayofuata Ziwa Kivu hadi mjini. Kila kona kuna kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, na kila kamba ina mwenyewe: mwenye sare, asiye na sare, mwenye kitabu cha risiti, mwenye bunduki tu. Kulipa kunapunguza faida, kukataa kunapoteza muda, na bei ya mjini inashuka au kupanda bila taarifa wakati gari limesimama. Mtoto aliyefokewa hayumo katika hatua hii, na hata hivyo mchezaji ataelewa jinsi kundi lenye silaha linavyokula kwa miaka bila kushika chepeo. Kanuni ingekuwa ileile ya lengo, saa na kushindwa. Picha ndiyo ingebadilika, na pamoja nayo dawa ambayo mchezaji angeifikiria: angetaka kujua kamba ni za nani na risiti inakwenda wapi, badala ya kutaka mgodi ufungwe.

Ya pili ni ya fundi simu. Phone Story unaamini kwamba simu ikitoka mkononi mwa mnunuzi wa kwanza inakwenda moja kwa moja kwenye taka za Pakistani. Simu nyingi zina maisha mengine marefu kabla ya hapo, na sehemu ya maisha hayo iko kwetu. Zinafika zimeshatumika, zinauzwa tena, na zikiharibika zinapelekwa kwenye vibanda vya mafundi wanaobadilisha vioo, wanaochomea upya tundu la chaji, na wanaotoa kijisehemu kwenye simu iliyokufa ili kukitia kwenye iliyo hai. Miongoni mwa vijisehemu hivyo kuna kapasita, na katika baadhi yake tantali ambayo huenda ilichimbwa si mbali na kibanda hicho. Hatua hiyo ingeupinga mzunguko usio na mwisho ambao mchezo unaishia nao. Alama zingehesabiwa kwa miaka ambayo simu moja imeendelea kufanya kazi, na saa, kwa mara ya kwanza, ingekimbia kwa faida ya aliyeketi kibandani, kwa sababu kila mwezi anaouongezea simu ya zamani ni mwezi ambao mwenye simu hajanunua mpya.

Michezo ya Pedercini haitoi nafasi kwa kazi hiyo, kwa kuwa anaitazama simu kutoka dukani ilikouzwa. Kuitazama kutoka Ibanda kunahitaji mtunzi aliyeko Ibanda, anayejua gunia la kilo 50 linagharimu nini kufika mjini na kioo cha simu kinabadilishwa kwa franka ngapi.